Kicheko Nyuma ya Ukuta

Palikuwa na sultani katika mji wa Pazani, jina lake Fumo Shale, mwenye wivu wa kuuonea hata upepo. Alipomwoa Mwana Jaha alipiga mbiu: sauti ya malkia ni ya masikio ya mumewe peke yake. Malkia akisikika na wanaume, atarudishwa kwao, na watoto aliowazaa watabaki. Na mwanamume atakayeijua sauti hiyo atafukuzwa mjini.

Basi Mwana Jaha akaishi kwa kupiga makofi. Kofi moja, maji. Makofi mawili, chakula. Bintiye mchanga alimbembeleza kwa kuguna, midomo imefumbwa. Akitoka, alitembea ndani ya shiraa, lile hema la kitambaa linalobebwa na wajakazi kwa fito, na watu waliona hema tu likipita njiani, kama nyumba iliyochoka kukaa mahali pamoja.

Aliyekuwa akizungumza naye kwa kunong'ona ni Mize, msusi wake, maskini asiye na kitu ila chanuo na ulimi. Wapo wasimuliao kwamba Mize alikuwa mpishi. Si kweli. Alikuwa msusi, na bila hilo kisa hiki hakiendi.

Chumba cha kusukia kilipakana na baraza, na kati yao ulikuwepo ukuta wenye matundu ya hewa. Huko barazani Sultani akishiba alisinzia. Hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo, kwa kuwa mwenyewe alikwisha kutangaza kwamba mfalme halali mbele ya raia. Waziri Mwidani akajipatia kazi nzuri: Sultani akikoroma, yeye hutafsiri.

Siku moja Waziri akaomba kisima cha wajane wa mtaa wa chini kiwe chake.

"Maulana wasemaje?"

Sultani akakoroma, mkoromo mrefu wenye mluzi mwishoni.

"Maulana ameridhia," akasema Waziri.

Nyuma ya ukuta mtu akacheka. Kicheko cha kike, kilichofungiwa miaka, kikatoka chote.

Sultani alipoamka, baraza ilikwisha vunjika. Waziri, mwenye binti wa kuozwa, akamnong'oneza: malkia amecheka, na watu wamesikia.

Kesho yake Mize akaitwa barazani. Mlangoni mwa chumba cha kusukia alimkuta Mwana Jaha amempakata mtoto, akamnong'oneza:

"Mize, huyu bado ananyonya."

"Wewe fumba kinywa, Mwana. Cha kufunguliwa leo ni changu."

Akaingia, akapiga magoti.

"Ulikuwa mle chumbani," akasema Sultani. "Nani alicheka?"

"Nilikuwa nasuka, Maulana. Msusi huona kisogo. Kinywa kiko upande wa pili."

Watu wakainamisha vichwa, wapate kutabasamu sakafuni.

"Usinifanyie mzaha. Waziri, sema."

"Alikuwa malkia, Maulana. Naapa."

"Una sikio zuri, bwana Waziri," akasema Mize. "Lakini huenda alikuwa mjakazi."

"Mjakazi hacheki vile."

"Huenda nilikuwa mimi."

"Wewe? Sauti yako kama bawaba yenye kutu. Ile ilikuwa laini, ya malkia hasa. Siwezi kuikosea."

"Huwezi kuikosea," akasema Mize polepole. "Uliizoea wapi?"

Sultani akamgeukia Waziri mzima mzima.

"Jibu."

"Maulana, mimi... nilikisia tu."

"Waziri amekisia," akasema Mize. "Nani mwingine anayeijua sauti ya malkia? Asimame."

Kadhi akatazama dari, akahesabu boriti. Mkuu wa walinzi akasema siku ile masikio yalikuwa yakimuuma. Wazee wa mji wakakumbuka, wote kwa pamoja, kwamba hawasikii vizuri tangu utotoni.

Sultani akapiga mkono wa kiti.

"Ewe mwanamke, usinigeuze mjinga mbele ya watu wangu. Mtu alicheka katika baraza yangu. Siinuki hapa mpaka apatikane shahidi aliyekuwepo, anayeijua sauti ya mke wangu, na anayeruhusiwa kuijua. Nitafutie huyo, au uondoke mjini pamoja na bibi yako."

Nyuma ya ukuta mtoto akalia kidogo, akaguniwa, akanyamaza. Mize akasikia. Akafuta mafuta ya nazi vidoleni kwa upindo wa kanga yake, bila haraka.

"Shahidi huyo yupo, Maulana. Alikuwepo, sauti anaijua, na ruhusa anayo. Siku ile alikuwa ameketi kwenye kiti hicho hicho ulichokalia. Kama alikuwa macho, na aseme alisikia nini. Na kama hakuwa macho, na aulize nani aliyempa Waziri kisima."