Maji Mafu ya Mlimani

Fyuu! Fyuu! Sauti hiyo ilisikika uchochoroni Kuze, mtaa wa kale wa pwani, kabla ya kuonekana kitu. Ukipinda kona ndipo ungemwona Shee akikanyaga pampu, na mashua ya mpira ikivimba barazani kwao kama chura aliyetukanwa.

Kijana huyo alijua kupiga kasia hata samaki wakamwonea gere. Aprili hiyo ya 1996 alikuwa amepanga kushuka na wenzake Mto Mathioya, unaoporomoka kutoka milima ya Nyandarua.

"Twaenda Jumamosi," alitangaza. "Mwezi utakuwa nusu. Siku za maji mafu bahari haina nguvu, na mto vivyo hivyo."

Jacinta, mzaliwa wa huko milimani aliyefanya kazi Shimanzi kwenye maghala ya bandari, aliangua kicheko. "Shee, mto wetu haujui mwezi. Unajua mvua!"

"Maji ni maji! Mimi niliogelea kabla sijatambaa."

"Basi katambae kwanza," alidakia Lewis, rafiki yake aliyeahidiwa kasia la pili.

Bi Mwanakuu, mama yake Shee, alichungulia dirishani. "Mwanangu, mto huo umeuona?"

"Bado, mama."

"Na wana wa watu wawapeleka? Radhi zangu huzipati mpaka uuone kwa macho yako."

Bila radhi za mama, Shee hangethubutu hata kuvuka feri. Alifura, lakini mashua akaiacha. Wakapanda basi wote watatu, kwenda kutazama tu.

Walipofika, jua liliwaka na anga halikuwa na wingu, lakini mto ulinguruma kama malori ya Shimanzi yote kwa pamoja. Maji mekundu yalibiringisha magogo mazima.

"Imenyesha huko juu," Jacinta alisema.

Shee alichomoa nazi moja kati ya zile alizowabebea wenyeji, akaitupa mtoni. Iligonga jabali, ikapasuka vipande. Lewis alijishika kichwa.

Mwingine angetafuta kisingizio. Shee aliketi ukingoni akamuuliza Jacinta: mkondo upi ni mkali, jabali lipi limejificha, mvua hukatika lini? Jacinta alimtazama kwa heshima mpya. Kumbe kiburi cha kijana huyu kilikuwa na masikio!

Waliporudi Kuze, Shee aliushika mkono wa mama yake, akaubusu.

"Mama, nakuahidi mbele ya hawa: sitamtia mwana wa mtu mtoni mpaka mvua zikatike, nami niwe nimeufuata mto ule kwa miguu, mwanzo hadi mwisho. Maji usiyoyafika hujui wingi wake."