Pimbi Amfanya Dubu Mgeni Rasmi

Jamani, mpo?

— Tupo!

Masikio mmeyaleta?

— Tumeyaleta, mawili mawili!

Basi naufungulia uongo wangu.

— Ufungulie, tutaupokea!

Pimbi alitoka kwao kwenye mawe ya joto, akaenda kusoma ng'ambo, nchi ya theluji. Baridi ya huko, weee! Meno yalimgongana ka-ka-ka tangu darasani hadi kitandani. Lakini Pimbi si mtu wa kulialia. Akawakusanya wanafunzi wenzake wageni, Nguchiro, Kanga na Digidigi.

"Tufanye kongamano letu wenyewe," akawaambia. "Kila mtu asome utafiti wake, wakubwa wasikie."

Wakaandika barua, wakabandika matangazo. Pimbi alikuwa na utafiti wa miaka miwili juu ya kuota jua. Na chuo kilikwisha kumwambia: utafiti huo usipotoka kwa jina lake, ufadhili unakatwa, arudi kwao mikono mitupu.

Sasa funguo za ukumbi alikuwa nazo Profesa Dubu, mkubwa wa idara. Dum! Dum! Dum! Huyo, akaja.

"Utafiti wa jua nitausoma mimi," akanguruma. "Kwa jina langu. Ukikataa, ukumbi sifungui."

"Shikamoo, Profesa," akasema Pimbi.

"Nini hiyo?"

"Salamu ya wakubwa. Unajibu marahaba."

"Marahaba," akajibu Dubu, na akaipenda.

Usoni Pimbi katulia tuli. Akampa karatasi zake zote kwa mikono miwili.

"Chukua, Profesa. Ila nakuonea huruma."

"Huruma ya nini?"

"Kwetu, msoma utafiti ni mtu wa kawaida tu. Anaulizwa maswali, kisha anapanga foleni ya chakula. Mkubwa kama wewe huwa mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi anafanyaje?"

"Anakaa meza kuu."

"Enhe?"

"Kila anayesimama anaanza kwa kumtaja yeye."

"Enhe?"

"Anapakuliwa kwanza."

Mate yakamtoka Dubu, chururu! "Na kazi yake?"

"Kazi hana. Anasoma hotuba tu, na hotuba tunamwandikia sisi."

Dubu akazitupa zile karatasi mezani, pu! "Hizi soma wewe. Mgeni rasmi ni mimi."

Siku ikafika, watu wakajaa. Mkuu wa chuo, Mama Bundi, akakaa mbele na kalamu yake. Nguchiro akasimama: "Mheshimiwa mgeni rasmi!" Dubu akavimba. Kanga akasimama: "Mheshimiwa mgeni rasmi!" Dubu akavimba. Digidigi akasimama: "Mheshimiwa mgeni rasmi!" Dubu akavimba mpaka kiti kikalia kwichi-kwichi. Kisha Pimbi akasoma utafiti wake mwanzo mpaka mwisho, akajibu maswali bila kubabaika. Makofi, pa-pa-pa!

Dubu, mdomo umejaa sambusa, akamvuta sikio. "Kusoma umesoma. Lakini kwenye kitabu cha kongamano litaandikwa jina langu. Utanifanya nini?"

"Mimi nani nikufanye kitu, Profesa? Hotuba yako hii hapa."

Enyi mnaocheka huko nyuma, subirini kwanza! Dubu hakuipitia hotuba hata kidogo. Mkubwa apitie hotuba? Akasimama, akakohoa, akasoma kwa sauti nene:

"Mimi, Profesa Dubu, natamka mbele ya Mkuu wa Chuo: utafiti wa jua ni wa Pimbi."

Pa-pa-pa! Dubu akasikia raha, akaongeza sauti.

"Mimi sikuchangia hata nukta!"

Vigelegele! Akaongeza tena.

"Na kitabu kitatoka kwa jina la Pimbi peke yake! Na funguo za ukumbi, kuanzia leo, nawakabidhi wanafunzi!"

Kalamu ya Mama Bundi ikaenda kwaru-kwaru-kwaru. Ukumbi mzima ukasimama. Dubu akainama kulia, akainama kushoto, akakaa. Ndipo akaisoma ile karatasi kimyakimya.

"Pimbi," akanong'ona, "nimesema mimi haya?"

"Umesema, Profesa. Tena umesema vizuri mno."

Akageuka kumtafuta Mama Bundi. Mama Bundi alikwisha kutia sahihi, na Pimbi alikwisha kunyoosha mkono apokee funguo.

Funzo, watoto wangu: mkienda kusoma ng'ambo, watiini wakubwa wenu. Wapeni kila wanachotaka, wala msibishane nao.

Ngano yangu hiyo. Mwenye meno aitafune, kibogoyo aimeze.