Jino la Mbuzi wa Mwanamvua

Sogeeni. Sogeeni mpaka magoti yagusane, na wewe Tunu funga huo mlango, maana wifi yangu ana masikio ya popo. Kabla sijaanza, kila mtu ashike ulimi wake kwa vidole. Shikeni. Sasa semeni: nikikitoa kisa hiki nje, wali wangu uungue mpaka nizeeke. Hamuwezi kusema mkiwa mmeshika ulimi? Basi ndivyo ninavyotaka. Kiapo kimepita.

Nikisema kisa, mniitikie kilete.

Kisa.

Kilete.

Kimeshafika, kimetoka mbali, kimetoka zamani ile mbuzi alipokuwa akibisha hodi kabla ya kula mchicha wa watu, na jogoo akiwika saa anayotaka na watu wakiamka saa wanayotaka. Huko zamani palikuwa na mji nyuma ya vilima. Jina lake limeliwa na mchwa, msiniulize. Na katika mji huo alikaa mwanamke akiitwa Mwanamvua, na mumewe Pazi, na mama mkwe wake, Bi Chausiku.

Mwanamvua na Pazi walipendana, lakini mtoto hakuja. Masika yakaja yakaenda, mtoto hakuja. Vuli ikaja ikaenda, mtoto hakuja. Wanawake wa kisimani wakawa wakimwona wananyamaza, na nyinyi mnajua wanawake wakinyamaza kisimani wanamsema nani. Halafu, jamani, Mungu akashusha. Mwanamvua akaanza kutapika asubuhi, akaanza kutamani udongo wa kichuguu, akajua. Akamwambia mumewe sikioni. Pazi akafurahi mpaka akavaa kanzu kinyume siku nzima.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Mimba ya kwanza haitangazwi na mwenyewe. Haitangazwi na mume. Jirani hasemi, mganga hasemi, hata akiona tumbo limetangulia mlangoni. Anayesema ni mama mkwe peke yake. Siku akiiona kwa macho yake anasimama uani anasema, "Nyumba yangu ina mimba," halafu anatundika kibuyu kipya mlangoni. Hapo ndipo vigelegele. Ukisema kabla yake, watu wanaamini mtoto anaona haya, anarudi alikotoka.

Desturi nzuri, eh? Nzuri kwa mwenye mama mkwe anayeona.

Bi Chausiku alikuwa haoni. Yaani anaona ukuta, anaona jua, lakini vya katikati vyote ukungu. Na hakubali. Siku moja aliusalimia mtungi wa maji, "Hujambo mwanangu?" Mtungi kimya. Akanuna mpaka jioni, eti watoto wa siku hizi hawana adabu. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aione mimba changa. Hamadi, usicheke hivyo, utajinyea.

Basi Mwanamvua akakaa anangoja. Akingoja hivyo, jino likamwanza. Jino la nyuma, la kushoto, la chini. Likampiga asubuhi, likampiga mchana, shavu likawa kama andazi. Na mji mzima walikuwa na dawa moja ya maumivu, mzizi mweusi wa Bibi Siwema. Bibi Siwema alikuwa mganga na mkunga, mikono yake imepokea nusu ya mji. Kichwa kikiuma, mzizi mweusi. Mgongo ukiuma, mzizi mweusi. Mume akikuudhi, unakunywa mzizi mweusi ulale, ukiamka ameshaosha vyombo. Kila nyumba ilikuwa nao kama chumvi.

Bi Chausiku akamsikia mkwewe anaguna. Akachota, akachemsha, akajaza kikombe, akamletea. Sawa, kwanza alikipeleka kwenye nguzo, lakini mwisho kikafika.

"Kunywa, mwanangu. Dawa ya Siwema haijamkosea mtu."

"Ahsante mama. Ni ya moto. Nitakunywa ikipoa."

Ilipopoa akasema ni chungu. Bi Chausiku akamwambia afumbe macho. Mwanamvua akakisukuma kikombe chini ya kitanda, akakaa ameshika shavu kwa mkono huu na tumbo kwa mkono huu. Moyoni anasema, mtoto huyu nimemngoja mpaka nimechekwa. Je, kama dawa hii inashuka mpaka kwake? Je, kama jino langu linapona na yeye anaondoka? Lakini nitamuuliza nani, na kuuliza ndiyo kutangaza?

Akili ikamwambia: uliza kwa mlango wa nyuma. Akajifunga kanga, akaenda kwa Bibi Siwema.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Shavu hilo vipi?"

"Nyuki."

"Nyuki."

"Nyuki, bibi. Mimi mzima. Nimekuja kwa ajili ya mbuzi wangu. Ana mimba changa, na jino linamuua. Je, aweza kunywa mzizi mweusi?"

Bibi Siwema alikuwa anatwanga. Hakuinua kichwa. "Jino lipi?"

"La nyuma, la kushoto, la chini."

"Mpe bakuli zima. Mbuzi anakula kamba na mkeka na asidhurike, mzizi utamfanya nini? Mwambie pole."

Mwanamvua akarudi nyumbani anaruka. Akafika, akavuta kikombe, akakinusa. Akasita. Kamba mimi sili, akasema. Mkeka sili. Akakirudisha chini ya kitanda, jino likamcheka.

Pazi akamwona mkewe anavyojikunja, roho ikamuuma. "Mke wangu, kesho nitakwenda mimi. Nitasema ni jino langu. Mimi ni mtu, atanipa jibu la mtu."

Maskini Pazi. Mwanamume mwenye meno kama mahindi mabichi, yote yamepangana, mji mzima ukiyasifu. Asubuhi akaenda. "Bibi, nina jino."

"La nyuma, la kushoto, la chini?" akauliza Bibi Siwema.

Pazi akashtuka. "Umejuaje?"

"Nimebahatisha tu. Kaa. Panua."

Wanangu, mtu akishasema linamuuma, atasema nini tena? Bibi Siwema akaligonga kwa ukucha. "Hapa?" Pazi akasema hapa. "Linauma sana?" Akasema sana. Bibi Siwema akaliangalia lile jino, jino zima, jeupe, halina hata doa. Akamwangalia Pazi. Akampa nafasi ya mwisho, "Una hakika, mume wa Mwanamvua?" Pazi akatikisa kichwa ndiyo, jasho linamtoka. Basi. Uzi wa katani, goti kifuani, na jino likatoka na ukelele wake.

"Na dawa?" Pazi akauliza, damu inamtoka mdomoni. "Mzizi mweusi niunywe vipi?"

"Mwanamume kama wewe, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Nenda salama."

Akarudi nyumbani ameshika jino mkononi. "Amesema unywe," akamwambia mkewe, lakini alisema kwa pengo kwa hiyo maneno yalitoka na upepo.

Sasa msikilize Mwanamvua anavyopiga hesabu zake. Mbuzi mwenye mimba anakunywa. Mtu asiye na mimba anakunywa. Mimi ni mtu, na nina mimba. Ukichukua mimba ya mbuzi ukaiweka juu ya utu wa Pazi, unapata mimi. Basi nami nakunywa. Mnaiona hesabu hiyo? Imenyooka kama mkia wa nguruwe. Lakini jino likikupiga, hesabu yoyote unaona imetimia. Akachemsha kikombe kipya, akakaa uani, akakipandisha. Mvuke ukamgusa pua. Mdomo ukagusa ukingo.

"Hodi hapa."

Bibi Siwema huyo mlangoni, na bakora yake.

Maana yule bibi, Pazi alipotoka tu, moyo haukumtulia. Mbuzi, jino la nyuma la kushoto la chini. Mume, jino la nyuma la kushoto la chini, nalo zima. Nyumba gani hii ambayo mke, mume na mbuzi wana jino moja? Akawa ameshajua. Lakini desturi imemfunga mdomo, hawezi kumwambia mwanamke una mimba kabla mama mkwe hajaona. Na pale mbele yake kikombe kinakwenda mdomoni.

"Kikombe hicho cha nani?" akauliza, haraka.

Mwanamvua akakishusha. "Cha mbuzi, bibi."

"Naona ulikuwa unamwonjea. Weka chini. Nimekuja kumwona mgonjwa. Mleteni."

Mwanamvua akamwangalia Pazi. Pazi akamwangalia Mwanamvua. Nyumba ile ilikuwa na mbuzi mmoja tu, na mbuzi huyo alikuwa beberu. Beberu haswa, ana ndevu, ana harufu, ana pembe, na vile vingine vyote alivyopewa vinaning'inia mchana kweupe. Pazi atafanyaje? Akamleta. Majirani wameshajaa kwenye ua, si mnajua ukileta mbuzi na mganga pamoja.

Bibi Siwema akamzunguka beberu polepole. "Huyu ndiye mwenye mimba?"

Beberu akakohoa.

"Mimi ni mkunga wa watu," akasema Bibi Siwema, "mambo ya mifugo sina uhakika. Nyumba hii ina mtu mwenye macho kuliko mji wote. Bi Chausiku dada yangu, hebu njoo utusaidie. Utazame mwenyewe, unaona nini?"

Bi Chausiku kusikia macho yake yanasifiwa, akaja amejinyoosha. Akainama. Akapapasa mgongo, akapapasa ubavu, akapapasa tumbo lililojaa majani ya asubuhi. Majirani wameuma kanga zao wasicheke. Akainuka.

"Ninyi wote vipofu," akasema. "Mimi niliona tangu zamani, nikanyamaza tu. Ana mimba. Nyumba yangu ina mimba."

"Sema tena, dada, hawa wa nyuma hawakusikia."

"Nyumba yangu ina mimba," akasema Bi Chausiku kwa sauti ya kuuita mji.

"Mmesikia?" Bibi Siwema akageuka kwa majirani. "Mama mkwe amesema kwa kinywa chake, uani pake. Pazi, leta kibuyu. Na wewe Mwanamvua, mwaga kikombe hicho. Mwaga nikikuona."

Mwanamvua akakimwaga. Vigelegele vikapanda mpaka beberu akakimbia na kamba yake. Bi Chausiku akashangaa kidogo mbona mbuzi mmoja anashangiliwa hivyo, lakini kibuyu alikitundika yeye, na wala hakukosea mlango. Na mpaka anakufa alisimulia kwamba yeye ndiye aliyeiona wa kwanza.

Kelele zilipopungua, Bibi Siwema akamvuta Mwanamvua pembeni, akakaa naye mkekani.

"Uliniulizia mbuzi, nikakupa jibu la mbuzi. Mumeo akaniulizia mwanamume, nikampa jibu la mwanamume. Yote yalikuwa ya kweli, na yangekuumiza. Mzizi mweusi haukai kwa mama peke yake, unashuka kwa mtoto, na wenye mimba siwapi hata tone. Sasa niulize swali lako."

Mwanamvua akalia kwanza. Halafu akasema, "Bibi, nina mimba, na jino linaniuma. Ninywe nini?"

"Hapo umeuliza. Mimba ina umri gani? Umeshakunywa nini? Kuna dawa iliyowahi kukudhuru?" Akajibiwa yote, moja moja. Ndipo akampa maji vuguvugu ya chumvi ya kusukutua, akampa dawa nyingine nyepesi, kidogo, ya siku chache, akamwambia ikizidi asiongeze, arudi. Na jino lile bovu akalitoa. Siku hiyo mume na mke wote wakala uji.

Mtoto akazaliwa mnene, wa kike. Alipocheka mara ya kwanza hana jino, na baba yake akamchekea ana pengo, watu wakasema hapana haja ya kuuliza baba ni nani. Na mji ukaongeza neno kwenye desturi: mwanamke akisema mkekani kwa mganga, hajatangaza. Ameuliza tu.

Sasa nyinyi wasichana, na nyinyi wavulana mtakaokuja kuwa kina Pazi, sikilizeni. Siku hizi hakuna mzizi mweusi, kuna vidonge, vimejaa kwenye kila duka na kila mkoba wa jirani. Ukiwa na mimba, usimeze kwa sababu shoga alimeza akapona. Nenda zahanati, nenda kwa mkunga, na neno la kwanza kutoka mdomoni liwe "nina mimba". Usimwachie mbuzi akusemee.

Kisa kimekwenda zake, kimeniachia njaa. Anayekitaka akakifuate, mimi nafuata mihogo yangu.

Ah, mnataka kujua nimekipata wapi. Alinipa marehemu bibi yenu Mwantumu, yule wa pengo, tukimenya mihogo hapa hapa. Naye aliniapisha nishike ulimi nisimwambie mtu, nikakisema kesho yake, na kama mnavyoona, wali wangu unaungua toka siku hiyo.