Upawa Uliohesabiwa

Hapo zamani, si zamani za wafalme, zamani hizi hizi za mabati na umeme wa kukatika, Mtaa wa Pakachani haukuwa na barabara. Ulikuwa na vichochoro, vichochoro vikawa na kona, na kwenye kona ya katikati Bi Asumini alikuwa na jiko lake la mabati. Ndiye mpishi wa shughuli zote za mtaa, na jiko hilo ndilo lililomlisha tangu afiwe na mumewe. Lakini barabara nayo aliipigia kelele kuliko mtu yeyote, maana binti yake alishikwa na uchungu akapelekwa hospitali kwa mkokoteni, na nusura ajifungulie njiani.

Basi akaja Bwana Lwitiko, afisa wa mipango miji, na ramani yake. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Kibwana, akaitisha mkutano, na kwa kuwa anawajua watu wake, akatangaza pilau. Aliyepika, msiniulize, ni Bi Asumini.

Afisa akasimama, akaeleza mambo ya hifadhi ya barabara na uwiano wa matumizi ya ardhi. Watu wakatikisa vichwa kama walioelewa. Pilau ilikuwa inanukia, na mwenyekiti alishasema italiwa baada ya kura.

"Wanaokubali, wanyooshe mikono."

Ikanyooka yote. Nyuma ya turubai Bi Asumini naye aliinua upawa, akiulizia sahani. Naye akahesabiwa.

Haukupita muda, tingatinga likaja likasimama mbele ya jiko. Bi Asumini akakaa mlangoni.

"Barabara naitaka," akasema, "ila hakuna aliyeniambia inapita kwenye riziki yangu."

Afisa akafika mbio, akakunjua ramani. "Mama, mstari unaweza kupinda. Ukienda kushoto, unakula baraza ya mwenyekiti. Ukienda kulia, unakula banda la wacheza bao. Mkikataa kote, barabara inapelekwa mtaa mwingine."

Hapo kila mtu akapata la kusema.

Mzee Mwinchumu, mkubwa wa wacheza bao, akaanza: "Mkono niliunyoosha, sikatai. Lakini niliambiwa kura kwanza, sahani baadaye, nami nilitoka nyumbani sijala. Mwenye njaa unamuuliza nini? Mwulizeni mwenyekiti."

Mwenyekiti akasema: "Mkutano wa nyuma, usio na pilau, nilihudhuria mimi na mbuzi wa jirani. Mimi watu niliwaleta. Aliyeshindwa kuzungumza nao ni afisa."

Afisa akasema: "Nilieleza, nikauliza nani ana swali. Kimya. Ningefanyaje, nijiulize mwenyewe? Na mama, hata wewe ulikuwepo."

Kweli Bi Asumini alikuwepo. Tena alisikia kona ya katikati ikitajwa, na moyo ulimshtuka, ila wali ulikuwa unataka kushika chini, akarudi kwenye sufuria.

"Nilisikia," akasema. "Niliona aibu kuunguza chakula cha watu, nikasema nitauliza baadaye. Hilo ni langu. Lakini wewe afisa ulikuja kupima, ukaliona jiko linatoa moshi. Nanyi majirani mnajua kona ile ni ya nani. Mikono mlinyoosha nyote, shingo hakugeuza hata mmoja."

Ilimuuma, na hakuficha kwamba inamuuma. Mzee Mwinchumu akaangalia ndala zake. Mwenyekiti akakohoa pasipo kikohozi.

Dereva wa tingatinga akachungulia dirishani. "Wakubwa, mafuta yanaungua. Nikate wapi?"

Safari hii hakuna aliyenyoosha mkono.

Haya, nyie mliokaa hapa mnacheka, dereva anangoja. Kuna afisa aliyeuliza kwa maneno yasiyoeleweka, mwenyekiti aliyetanguliza harufu ya pilau, majirani walioitikia wasichokijua, na Bi Asumini aliyeogopa wali usiungue. Bila barabara, binti mwingine atapanda mkokoteni. Je, katika hawa, nani anastahili kubomolewa?