Uzio wa Tusekile

Tulieni niwape kesi, maana mimi imenishinda. Huko Rungwe, kwenye mvua zisizojua kuchoka, aliishi mjane aitwaye Tusekile na wanawe watatu. Ambakisye, wa kwanza, alijaliwa subira. Lusajo, fundi pikipiki, alikuwa hodari wa kuchanganya mafuta. Atupele, kitindamimba, alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu.

Zizi lao lilikuwa ukingoni mwa korongo. Jua lilipasua mbao za uzio, mvua ikaingia kwenye nyufa, zikaoza. Ng'ombe mmoja akauegemea, akaporomoka nao korongoni. Tusekile alilia kama aliyefiwa. Akabaki na ng'ombe mmoja tu, mwenye mimba.

"Tutajenga mwingine," akasema kwa uchungu. "Ukifika mwaka wa pili bila kuoza, ndama atakayezaliwa ni wa yule aliyeuokoa."

Mbao zililetwa mbichi. Lusajo alikuwa keshashika brashi ya kuzipaka oili zisioze, Ambakisye akamzuia. "Mbao mbichi hazinywi kitu, mdogo wangu." Akazifunika turubai, akawa anazigeuza kila asubuhi hadi zikakauka, majirani wakimwita mvivu.

Lusajo akaleta oili chafu ya gereji. Ilikuwa nzito, ikaganda juu juu. Akaizimua kwa dizeli kidogo kidogo, akijaribu kwenye vipande, mpaka mbao zikainywa. Mashati yake hayakutakata tena.

Atupele akapaka. Hakuacha ncha zilizokatwa wala miguu ya nguzo.

"Huko chini nani atachungulia?" Lusajo akamcheka.

"Maji," akajibu, akaendelea kupaka huku mgongo unamuuma.

Mwaka wa pili ukafika. Jirani aliyepaka mbao mbichi, uzio wake ulilala matopeni. Mwingine, aliyesahau ncha, wake ulioza kuanzia nchani. Wa Tusekile ulisimama imara, na ndani yake yule ndama aliyeahidiwa, sasa mtamba mzuri ajabu.

"Bila subira yangu, oili ingepotea bure," alisema Ambakisye.

"Na bila oili yangu, kaka, ungesubiri nini?"

Atupele alimtazama tu mama yake, na hilo ndilo lililomuumiza Tusekile zaidi. Kumuuza mtamba wagawane fedha hakutaka, maana ndiye mbegu ya zizi. Aliogopa. Korongo lilimnyang'anya ng'ombe, sasa ahadi yake mwenyewe ingemnyang'anya watoto.

Akamfungua mtamba, akasimama ameshika kamba. Kaka wawili wakanyoosha mikono. Atupele hakunyoosha.

Haya, nyie mnaonisikiliza: kamba hiyo mngempa nani? Na wale wawili wengine mngewaambia nini?