Jeneza Lililopita Kando ya Lango

Hapo zamani, si zamani sana, maana serikali ilikuwa imekwisha kuvumbua mhuri, palikuwa na lango katika mji wa Kiwandeo. Msikiti wake ulianguka karne nyingi nyuma. Lango la matumbawe likabaki peke yake, kama mwenyeji asiyejua kwamba wageni wamekwisha kuondoka. Ada ya mji ilikuwa moja: bibi harusi huingia kwa lango hilo, na maiti hutokea hapo hapo kwenda makaburini.

Bi Mwanatumu aliingia humo akiwa mwari. Akamwambia mumewe, Mzee Mshamu, "Nilivyoingia ndivyo nitakavyotoka. Usije ukanipitisha kando kama gunia la nazi."

"Nani akupitishe kando nami nipo?"

Wakaja wachoma chokaa, wakalitamani lango kwa tanuri lao. Bi Mwanatumu akamng'ang'ania mwanawe Sudi, "Nenda ukaseme serikalini, baba." Sudi akaenda, akarudi, akaenda tena, hata lango likatangazwa urithi wa taifa. Likapewa kibao, uzio, na mlinzi Kitwana, mwenye ufunguo mmoja na amri moja: asipite mtu. Siku ya kibao Bi Mwanatumu alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Kisha lango likaanza kuinama. Fundi Makame akalikaza kwa boriti katikati ya mlango, likatulia.

Kisha Bi Mwanatumu akafa.

Sudi akakimbilia ofisini kuomba ruhusa. Karani akamwambia, "Anayetaka kupita afike mwenyewe."

"Bwana, ndiye maiti."

"Pole sana. Basi subirini kamati ikae."

Maiti hasubiri kamati. Wakafika langoni na jeneza mabegani. Kitwana analia, na ufunguo kaushika.

"Kitwana! Mama huyu alikulisha!" Sudi akamkaripia.

"Alinilisha, kaka. Na ndiye aliyeniambia nisimfungulie mtu, hata awe nani." Akajifuta machozi, akafungua. "Haya. Nikifukuzwa, nifukuzwe."

Zikabaki boriti. Fundi Makame akasema, "Nikiziondoa, lango laweza kusimama, laweza kuanguka. Siapi."

"Ondoa!" akasema Sudi.

Wote wakamgeukia Mzee Mshamu. Jua kali, mabega yanachoka. Mzee akayatazama mawe ambayo mkewe aliyapaka chokaa kila Shaabani.

"Pitieni kando," akasema.

Wakapita kando, penye michongoma. Kitambaa cha jeneza kikanaswa na miiba, wakasimama kukinasua.

Matangani Sudi akaja kuomba radhi. "Ni mimi, baba. Ningenyamaza, lisingefungwa."

"Ungenyamaza, lingekuwa chokaa."

"Ni mimi," akasema Fundi Makame. "Boriti ni zangu."

"Bila boriti tungelizika lango kabla yake."

"Ni mimi, mzee," akasema Kitwana. "Nimewasimamisha juani na maiti."

Mzee akamsogezea kahawa. Moyoni alijua nani aliahidi, na nani aliivunja ahadi. Halafu wazo baya likamjia. Akalifukuza, likarudi: ni marehemu mwenyewe, aliyelipenda lango hata akalifungisha.

Lango lingali limesimama. Watalii hulipiga picha. Kila Ijumaa Mzee Mshamu hupita kando yake kwenda makaburini, asijue radhi amwombe nani, wala amnyime nani.

Msinitazame mimi, jamani. Nami nauliza kama ninyi. Je, nani alimfungia Bi Mwanatumu lango?