Kindi na Ute wa Mayai

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga na kupika kama sisi, usiku wa manane ilisikika sauti chini ya mti wa Mama Kindi: lapu! lapu! lapu!

Mama Kindi akashtuka, akawakumbatia watoto wake wawili, akachungulia. Kumbe ni jirani yake Mbwa anakunywa maji. Mtungi mzima! Akalala kidogo, akaamka, lapu! lapu! tena.

Mama Kindi hakulala tena. Tangu mumewe aliwe na Paka-pori, aliyewalinda ni Mbwa huyu tu. Mbwa akifa, Paka-pori atapanda mti siku hiyo hiyo!

Kulipokucha akamwita Daktari Korongo. Korongo akampapasa Mbwa mgongo, akamnusa mdomo, akatikisa kichwa.

"Mafigo yamechoka. Nyama aache, mifupa aache, chumvi asionje. Ale wali laini, malenge, na ute mweupe wa mayai. Kiini, hapana!"

"Kipande kidogo tu cha mfupa, daktari," Mbwa akabembeleza.

"Hata kuunusa usithubutu! Utakula unachopewa, na utaishi!"

Malenge Kindi alikuwa nayo, mchele ataokota mashambani. Lakini mayai? Waliofuga kanga ni wawili tu, Fisi na Ngiri, mahasimu wa mieleka wasiosemezana. Kila mmoja aliuza yai moja kwa mzigo mzima wa kuni, na Kindi hata kijiti kinamlemea! Akalia kidogo, akajifuta machozi, akatoka mbio.

Alimkuta Fisi anakaanga mayai, chwaaa!

"Shikamoo, Bwana Fisi. Pole kwa juzi, Ngiri alivyokubwaga."

"Niliteleza!" Fisi akafoka.

"Si ndiyo hayo? Unakula ute!" Kindi akachukua yai, to! akalivunja, akammwagia Fisi ute kiganjani. "Ushike. Unashikika huo? Basi ukiingia magotini je?"

Fisi akaubana, ukamchuruzika. Akayatazama magoti yake kwa hofu.

"Lahaula! Miaka yote hii!"

"Nguvu iko kwenye kiini. Nitakuja kila asubuhi nikutengee, huo uchafu niende kuutupa mbali."

"Bure?"

"Ujirani, baba."

Kutoka hapo, mbio hadi kwa Ngiri. "Mzee wangu, Fisi ameanza kula viini vitupu! Anasema ute hulegeza magoti, na safari hii atakubwaga kama gunia."

"Ati nini?" Ngiri akaruka. "Nitengee na mimi! Leo leo!"

Basi kila asubuhi Kindi akawa anavunja mayai, kiini akikihamisha ganda kwa ganda, ute ukidondoka kibuyuni, chup! chup! Akifika nyumbani anauchemsha, anauchanganya na wali na malenge. Mbwa alinuna, akala. Mwezi ukaisha. Macho yakamng'aa, na Paka-pori aliposogea mtini, Mbwa akabweka, hwau! hwau! mpaka majani yakapukutika.

Siku moja Ngiri akamfuata Kindi nyuma nyuma. Akamkuta Mbwa kichwa bakulini.

"Aha! Ute ulegezao magoti ndio huu? Mbona huyu amesimama imara? Umenidanganya, kidudu wewe!"

Kindi hakurudi nyuma hata hatua moja. "Nimekudanganya, Mzee. Mgonjwa wangu angekufa, na watoto wangu wangeliwa. Haya, nenda katangaze! Waambie wote kwamba Kindi, asiyefika hata kwenye ukwato wako, amekuchezea mwezi mzima. Niwaite majirani waje wasikie?"

Ngiri akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Punguza sauti, mama! Na Fisi, yeye ameshajua?"

"Hajui lolote. Jana alimeza viini kumi, akanionyesha misuli."

Ngiri akashika mbavu, akacheka, khrr! khrr! khrr! mpaka akakaa chini.

Ndiyo hivyo, wanangu: mwenye nguvu huogopa kuchekwa kuliko kuibiwa.

"Ute wangu uchukue tu," Ngiri akasema, akijifuta machozi. "Ila mtu asijue kwamba na mimi nilidanganywa."

"Na wewe je, Mzee, utaitunza siri? Fisi akisikia, mgonjwa wangu atakosa nusu ya chakula."

Ngiri akainua ukwato. "Naapa, Mama Kindi. Simwambii mtu yeyote."